Kusoma kanda za sauti za DAT kwa kiendeshi cha nakala rudufu cha kompyuta: programu dhibiti, vyuma vyenyewe na tahadhari zake

Mkanda_na_Ngoma (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam zenu nyote.

Kila mjadala wa kanda za kidijitali unapozuka humu, hakosekani mtu wa kuuliza kama ni kweli kwamba kiendeshi cha zamani cha kompyuta, kile kilichokuwa kikihifadhi nakala rudufu za seva, kinaweza kusoma kanda ya sauti ya DAT. Jibu fupi ni kwamba vipo vinavyoweza, ila ni vichache, na kinachoviwezesha ni programu dhibiti (firmware), yaani programu iliyomo ndani ya kiendeshi chenyewe inayokiongoza. Jibu refu ndilo ninaloliandika hapa, kwa sababu nimeona watu wakitoa fedha nyingi kununua vyuma baada ya kusoma nusu tu ya habari.

Sony ilitoa DAT mwaka 1987. Ni kaseti ndogo yenye urefu wa milimita 73 na upana wa milimita 54, na utepe wake una upana wa milimita 3.81. Sauti huandikwa humo kwa tarakimu, biti 16, kwa sampuli 48,000, 44,100 au 32,000 kila sekunde. Majumbani haikuenea, lakini katika miaka ya 1990 studio, vituo vya redio na watafiti waliokuwa wakirekodi masimulizi na muziki waliitegemea sana, kwa kuwa kinasa sauti chake cha mkononi kilibebeka begani na ubora wake haukuwa mbali na ule wa CD. Sony iliacha kutengeneza deki zake mwaka 2005. Tangu hapo deki zilizobaki zinachakaa, vipuri vyake vinapatikana kwa kunyofoa deki nyingine, na kanda zimebaki kwenye makabati zikisubiri.

Mwaka 1989 Sony na Hewlett-Packard walichukua kaseti hiyohiyo wakaifanya chombo cha data, wakaiita DDS. Ngoma inayozunguka, yaani silinda iliyobeba vichwa vya kusomea na kuandikia, ni ya aina ileile, utepe unaizunguka vilevile, na vichwa vyake vimeinamishwa nyuzi 20 upande huu na nyuzi 20 upande ule, sawasawa na vya deki. Katika DDS ya kwanza hata upana wa mstari mmoja wa kumbukumbu kwenye utepe ni uleule, mikromita 13.6. Kinachotofautiana ni namna data inavyopangwa na kulindwa. Ndiyo maana ukikitia kanda ya sauti kiendeshi cha kawaida utaisikia ngoma ikizunguka na utepe ukivutwa kidogo mbele na nyuma, kisha kiendeshi kinaiambia kompyuta kwamba kanda haisomeki, na vingine huitema papo hapo. Hakijashindwa kuona alama zilizomo. Kimekuta mpangilio ambao hakikufundishwa kuutambua.

Kampuni iliyoamua kukifundisha ni Silicon Graphics ya Marekani. Kompyuta zake za Indigo na Indy, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ziliuzwa kwa watu wa picha, filamu na sauti, na kampuni hiyo ikaagiza viendeshi vya Archive Python vyenye programu dhibiti iliyoongezewa uwezo wa kushughulikia DAT ya sauti. Mfumo wake wa IRIX ulikuwa na programu iitwayo datman, ambayo iliweka vitufe vya deki kwenye skrini. Baadaye Sony SDT-9000, kiendeshi cha kizazi cha DDS-3, nacho kikapata toleo la programu dhibiti la namna hiyo. Watu walipogundua kwamba programu hizo zinaweza kuhamishiwa kwenye viendeshi vya aina hiyohiyo vilivyouzwa kwa ajili ya seva za kawaida, ndipo mambo haya tunayoyajadili yalipoanza.

Sasa tuangalie kinachopatikana kanda inaposomwa. Ngoma ya DAT huzunguka mara 2,000 kwa dakika, na kila mzunguko mmoja huzaa fremu moja ya milisekunde 30. Kiendeshi chenye programu ya sauti huikabidhi kompyuta bloku ya baiti 5,822 kwa kila fremu. Baiti 5,760 kati ya hizo ni sauti yenyewe, nazo ndizo hasa zinazohitajika kwa milisekunde 30 za stirio ya sampuli 48,000. Baiti 62 zinazobaki ni maelezo: namba ya kipande, muda tangu mwanzo wa kanda, alama za kuanza, kasi ya sampuli, na pengine tarehe na saa ya kurekodi. Kanda iliyorekodiwa kwa sampuli 44,100 hujaza baiti 5,292 tu za sehemu ya sauti, hivyo programu ya kompyuta lazima isome maelezo ya kila fremu kabla ya kuamua ikate wapi. Ukiona sauti iliyotolewa ina mlio wa kukwaruza unaojirudia kwa mpangilio uleule, mara nyingi tatizo ni kwamba ukataji huo umefanywa kwa kipimo kisicho chake, na kanda haina kosa lolote.

Naomba jambo moja lieleweke kabla sijaulizwa. Programu dhibiti inaondoa katazo. Haiongezi uwezo ambao chuma hakikuumbiwa. Kuna mtu anadhani kila kiendeshi chenye nembo ya DDS kinaweza kuflashiwa, yaani kuandikiwa programu dhibiti mpya, kwa faili lolote kikageuka kuwa deki. Sivyo hata kidogo. Kila programu dhibiti imeandikwa kwa ajili ya saketi fulani, mota fulani na chipu fulani za kuchakata mawimbi. Faili la Python halifai kwenye Sony, na la SDT-9000 halifai kwenye ndugu zake wengine wa Sony ingawa kwa sura wanafanana. Viendeshi vya vizazi vya mbele havisaidii kwa kuwa vipya zaidi: DDS-4 ilishapunguza upana wa mstari hadi mikromita 6.8, na DAT 160 ya mwaka 2007 ilihamia utepe wa milimita 8 kabisa.

Namna ya kubadilisha programu yenyewe ni hii. Kiendeshi huunganishwa kwa SCSI, njia ya zamani ya kuunganisha vifaa na kompyuta, na kiwango cha SCSI kina amri iitwayo WRITE BUFFER ambayo, pamoja na matumizi mengine, hutumika kupeleka programu dhibiti mpya na kuihifadhi kwenye chipu. Kwenye Linux amri hiyo hutolewa kwa sg_write_buffer iliyomo katika kifurushi cha sg3_utils. Baadhi ya viendeshi vilikubali pia kanda maalumu ya kusasishia: unaiingiza kikiwa kimewashwa, kinaitambua, kinajiandika chenyewe. Vya zamani zaidi vina chipu ya EPROM iliyokaa kwenye soketi, na hapo hakuna amri itakayosaidia. Chipu inachomolewa na kuwekwa nyingine iliyoandikwa kwa mashine yake.

Kabla ya hayo yote, endesha sg_inq, amri inayokiuliza kiendeshi kijitambulishe, na uandike kwenye karatasi jina la mtengenezaji, jina la modeli na toleo la programu kama yanavyoonekana, herufi kwa herufi. Viendeshi vilivyotoka Silicon Graphics hujitambulisha kwa jina la ARCHIVE Python likifuatwa na namba 01931. Ukikipata cha namna hiyo, huna haja ya kubadilisha chochote.

Maswali yanakaribishwa.

Binti_Shangani

Shikamoo kaka. Nashukuru kwa maelezo yaliyopangika. Marehemu baba yangu alirekodi mahojiano na wazee kwa kinasa sauti cha DAT cha mkononi, na ameacha sanduku la kanda ambazo hakuna aliyezigusa kwa miaka mingi. Jirani yetu ana deki ya DAT yenye tundu la kutolea sauti ya kidijitali. Kwa nini nisiziche­ze tu kwenye deki hiyo na kurekodi kwenye kompyuta? Na je, kiendeshi cha kompyuta hakiwezi kuzikata kanda zenyewe?

Mkanda_na_Ngoma

Marahaba dada, na pole kwa msiba hata kama ni wa siku nyingi.

Kama deki ya jirani ni nzima na kanda si nyingi, itumie hiyo. Nasema hivi nikiwa ndiye niliyefungua uzi wa kusifu viendeshi. Deki hutoa tarakimu zilezile kupitia kebo ya kidijitali, na unasikia kwa masikio yako kinachoendelea wakati kinaendelea. Faida ya kiendeshi inaanza pale kanda zinapokuwa mamia, au pale unapotaka maelezo yote ya kanda yahifadhiwe pamoja na sauti. Deki hukupa sauti kwa mwendo wa saa ukutani: kanda ya mita 60 ina saa mbili, nawe utakaa saa mbili. Kiendeshi kinachofaa huweza kusoma haraka kuliko hivyo, na kikimaliza kinakuachia faili lenye kila fremu na muda wake, hivyo programu inaweza kukata vipande yenyewe kwa kufuata alama za kuanza ambazo baba aliziweka alipokuwa akibonyeza kitufe cha kurekodi. Alama hiyo huandikwa kwa sekunde 9, yaani fremu 300 mfululizo, hivyo haipotei kwa kirahisi.

Kuhusu kukata kanda: hatari ipo kwenye vyote viwili, na inatokana na uchakavu wa chuma zaidi kuliko aina yake. Kiroli cha mpira kinachobana utepe huwa kigumu na kung'aa kadiri miaka inavyokwenda, na grisi ya kwenye reli za kuvutia utepe hukauka ikawa kama gundi. Kiendeshi kikishindwa kurudisha utepe ndani ya kaseti kabla ya kuitema, utepe hubaki nje ukiwa umenasa. Kwa hiyo usianze na kanda ya baba. Anza na kanda usiyoijali, iingize na kuitoa mara nyingi, isome mwanzo hadi mwisho, kisha fungua kifuniko cha kaseti uangalie kingo za utepe chini ya taa. Ukiona mawimbi au mkunjo ukingoni, chuma hicho hakijawa tayari kupokea urithi wa mtu.

Jambo la mwisho kwako: kanda zilizokaa pwani zina unyevu. Zitazame dirishani mwa kaseti kama kuna ukungu mweupe juu ya utepe. Kanda yenye ukungu haiingizwi kwenye chombo chochote mpaka isafishwe na mtu anayejua, kwa sababu inachafua vichwa na kisha chombo kinaambukiza kanda zote zinazofuata.

Fundi_wa_Gerezani

Mkuu, umegusa mengi, niongeze ya mezani kwangu.

Wengi hukwama kabla hata ya kufika kwenye programu dhibiti. Viendeshi vya enzi hizo vina kiunganishi cha SCSI cha pini 50, vingine pini 68, na kompyuta za leo hazina chochote kinachofanana na hivyo. Njia ninayoiamini ni kompyuta ya zamani yenye nafasi ya PCI na kadi ya Adaptec 2940, ambayo Linux inaitambua kupitia kiendeshaji cha aic7xxx bila kuhangaika. Mwisho wa kebo lazima uwe na terminata, yaani kifungio cha umeme cha mwisho wa kebo, na namba ya utambulisho ya kiendeshi isigongane na ya kadi, ambayo kwa kawaida ni 7. Nimeletewa viendeshi vinavyosemekana vimekufa ambavyo havikuwa na kasoro yoyote ila terminata haikuwepo. Tahadhari nyingine: viko vifaa vya SCSI vya umeme wa tofauti ya juu, HVD, vyenye kiunganishi kinachoingia vizuri kabisa kwenye kadi ya kawaida. Ukiviunganisha unaweza kuunguza kadi au kifaa. Soma alama iliyochapwa karibu na kiunganishi kabla ya kuwasha.

Kuhusu wauzaji wa mtandaoni, kuna mteja aliyeagiza kiendeshi kwa bei ya kuumiza kwa sababu tangazo lilisema kinasoma sauti. Kilipofika kilikuwa na stika mpya juu ya stika ya zamani. Tulipokihoji kwa sg_inq kilijitaja kwa modeli nyingine kabisa, na kanda ya sauti ilipoingia ilitoka nje ndani ya sekunde chache. Mwambieni muuzaji awatumie picha ya skrini ya majibu ya kiendeshi chenyewe, pamoja na picha ya kikiwa kinasoma kanda ya sauti. Asiyetaka kufanya hivyo ana sababu yake.

Na umeme, ndugu zangu. Programu dhibiti ikikatizwa katikati ya kuandikwa, kiendeshi hakiwaki tena, na hakina hali ya uokoaji kama simu mnazozizoea. Kuchomoa chipu ya flashi iliyolehemiwa kwenye ubao na kuiandika upya ni kazi inayowezekana, lakini ugharamiaji wake unazidi bei ya kiendeshi kingine. Weka UPS yenye betri nzima, kompyuta na kiendeshi vyote viwili vichukue umeme hapo, na usifanye kazi hiyo wakati wa mvua za radi.

JichoKavu

Nina mashaka mawili, nanyi mnivumilie. La kwanza, hizi programu dhibiti ni mali ya watu; mnahimiza watu kuzichukua bila ruhusa? La pili, mnazungumza kuhusu vichwa na viroli kana kwamba hii ni kaseti ya kawaida ya muziki. Sauti ya kidijitali ni sifuri na moja. Ama inasomeka, ama haisomeki. Ubora wa chombo unaingiaje hapo?

Mkanda_na_Ngoma

Mashaka yako ni halali, nitajibu la pili kwanza kwa sababu ndilo lenye madhara makubwa likikaa vibaya vichwani mwa watu.

Data za kwenye DAT ya sauti zinalindwa na tabaka mbili za msimbo wa Reed-Solomon. Zikisomwa zikiwa na makosa machache, msimbo unayasahihisha kikamilifu na tarakimu zinarudi kama zilivyorekodiwa. Makosa yakizidi uwezo wa tabaka hizo mbili, hakuna tena cha kusahihishia, na hapo chombo hufanya mojawapo ya mambo mawili: hukisia sampuli iliyokosekana kwa kuangalia jirani zake, au hunyamazisha. DDS ya data iliongezewa tabaka ya tatu kwa sababu benki haiwezi kukubali salio la kukisiwa. Kanda ya sauti haina tabaka hiyo, na kubadilisha programu dhibiti ya kiendeshi hakuwezi kuiongeza kwenye kanda iliyokwisha kurekodiwa mwaka 1994. Kwa hiyo kuna hali ya tatu kati ya kusomeka na kutosomeka: inasomeka ikiwa imekisiwa, nawe hujui. Hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko ukimya, maana ukimya utausikia.

Chombo kinaingia hapo moja kwa moja. Mstari wa mikromita 13.6 ni mwembamba kuliko unywele mara kadhaa, na kichwa lazima kiufuate wote kwa mshazari. Kinasa sauti kilichorekodi kikiwa na nguzo za kuongozea utepe zilizosogea kidogo kimeandika mistari iliyopinda. Kinasa kile kile huisoma vizuri kwa kuwa kimepinda vilevile, ilhali kiendeshi cha kompyuta, ambacho kiwandani kilisawazishwa kwa ukali mkubwa, kinapoteza sehemu ya kila mstari. Ndiyo sababu kuna kanda ambazo kiendeshi kizuri kinazikataa na deki mbovu inazisoma. Mtu mwenye kazi kubwa ya kuhamisha kanda awe na vyote viwili.

Namna ya kujua kama umepata tarakimu za kweli ni kusoma kanda ileile mara mbili, ikiwezekana kwa viendeshi viwili tofauti, na kulinganisha fremu kwa fremu kwa kufuata muda ulioandikwa ndani yake. Fremu ambazo hazikurekebishika hutoka tofauti kila unaposoma. Zikifanana zote katika masomo mawili yaliyofanywa na vyombo viwili, una kila sababu ya kuamini. Zikitofautiana katika sehemu ileile, safisha vichwa na usome tena sehemu hiyo, kisha uchukue fremu safi kutoka kila somo. Kazi hiyo ya kuunganisha fremu, deki ya kawaida haikuwezeshi kuifanya kwa urahisi, kwa sababu kebo yake ya sauti haibebi muda wa kila fremu.

Ama kuhusu haki, mimi si mwanasheria. Silicon Graphics ya awali iliingia katika ulinzi wa mufilisi mwaka 2009 na mali zake zikanunuliwa na Rackable, kampuni iliyochukua jina hilo ambayo nayo ilinunuliwa na Hewlett Packard Enterprise mwaka 2016. Archive ilimezwa na Conner, Conner ikamezwa na Seagate. Kwamba mwenye mali ni vigumu kumpata hakufanyi mali isiwe na mwenyewe. Ndiyo maana sitaweka faili lolote humu, na ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kununua kiendeshi kilichotoka kiwandani kikiwa na programu hiyo. Pia si kila kiendeshi kinakubali kutoa nakala ya programu yake ya zamani kabla ya kuandikwa mpya, kwa hiyo anayeflashi ajue kwamba huenda hana njia ya kurudi.

Mtunza_Kumbukumbu

Habari za mchana wote. Ninafanya kazi ya kutunza kumbukumbu za sauti na ningependa kuongeza mambo ambayo mafundi huyapita haraka.

Mwaka 2019 UNESCO, kupitia programu yake ya Habari kwa Wote, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walianzisha mradi wa kutahadharisha dunia kuhusu kanda za sumaku, na mwaka 2025 ndio uliotajwa kuwa ukingo wa muda ambao vyombo vya kuzisomea vingeendelea kupatikana kwa ukawaida. Mwaka huo haukuwa ukuta ambao siku inayofuata kila kitu hufa, lakini katika DAT tahadhari hiyo ina uzito wa pekee. Kanda ya analogi iliyochakaa hutoa sauti yenye mchakacho na isiyo wazi. DAT iliyochakaa hufika mahali ikanyamaza kabisa.

Kwa wanaotumia viendeshi, tafadhali msihifadhi faili la sauti peke yake. Hifadhini pia mkondo mzima wa fremu za baiti 5,822 kama ulivyotoka. Kwa saa moja ya sampuli 48,000, sauti yake ni megabaiti 691, na maelezo yanaongeza kiasi kidogo kiasi kwamba kuyatupa ni uchoyo usio na faida. Ndani yake mna tarehe na saa ya kurekodi ambayo baadhi ya vinasa sauti viliandika vyenyewe. Watafiti wengi waliandika jalada la kanda wakiwa wamechoka, usiku, au siku tatu baadaye, na mara nyingine tarehe ya ndani ndiyo inayoamua mahojiano yalifanyika kabla au baada ya tukio linalozungumzwa. Mwaka umeandikwa kwa tarakimu mbili, na saa ya chombo huenda haikuwekwa sawa, kwa hiyo ni ushahidi wa kupimwa kama ushahidi mwingine.

Jambo la pili ni alama ya msisitizo. Baadhi ya kanda zilirekodiwa huku sauti za juu zikiwa zimepandishwa kwa makusudi, na alama ikawekwa ili deki izishushe wakati wa kucheza. Kiendeshi hakishushi kitu; kinakupa tarakimu kama zilivyo. Mtu asiyeangalia alama hiyo atapata sauti kali, yenye "s" za kuchoma masikio, kisha ataanza kuirekebisha kwa kubahatisha wakati dawa yake inajulikana kwa hesabu kamili.

La tatu ni mwendo mrefu. Baba wa Binti_Shangani, kama alikuwa akibana matumizi, huenda alirekodi kwa hali ya LP, yaani sampuli 32,000 na biti 12, ambapo kanda ya saa mbili huwa ya saa nne. Biti hizo 12 zimebanwa kwa kanuni maalumu na lazima zipanuliwe kuwa 16. Si kila programu ya kutolea sauti hufanya hivyo ipasavyo, na isipofanya utasikia mngurumo tu ukadhani kanda imeharibika.

Fundi_wa_Gerezani

Mtunza_Kumbukumbu amenikumbusha kanda za mita 90. Studio zilizotaka saa tatu mfululizo zilinunua kanda za kompyuta na kurekodia sauti. Utepe wake una unene wa mikromita 9, wakati ule wa mita 60 una 13, na deki nyingi hazikuandaliwa kwa utepe mwembamba hivyo. Hapo kiendeshi cha kompyuta ndicho mahali pake hasa, kwa kuwa kilitengenezwa kwa ajili ya kanda hizo.

Na usafi: pamba ya kijiti haipelekwi kwenye ngoma. Nyuzi zake hunasa kwenye vichwa na kichwa kikivunjika hakuna kipuri. Tumia kaseti ya kusafishia iliyotengenezwa kwa DDS, kwa kiasi, maana nayo inakwangua.

Binti_Shangani

Nimewasoma wote kwa makini, nawashukuruni. Shemeji yangu alifunga ofisi yake na akanipa kiendeshi chao cha zamani pamoja na kompyuta yake. Nimeendesha amri mliyoitaja. Jina la mtengenezaji limetokea HP, modeli C1537A. Jirani naye amesema deki yake ninaweza kuiazima. Niendelee na kipi?

Mkanda_na_Ngoma

Dada, hicho ni kiendeshi cha DDS-3 cha HP. Ni chombo kizuri cha kazi yake, lakini hakimo katika familia zile mbili nilizozitaja, na programu dhibiti ya sauti ya Python au ya Sony usithubutu kuipeleka humo. Utapata kipande cha chuma kisichowaka. Kiweke kwa ajili ya siku utakayokutana na kanda za nakala rudufu za ofisi.

Azima deki. Kwenye kila kaseti sogeza kile kidude cha kuzuia kurekodi hadi tundu lake libaki wazi, ili kitufe kikibonyezwa kwa bahati mbaya kisifute neno la mzee yeyote. Jaribu kwanza na kanda isiyo na thamani kama tulivyosema. Kwenye kompyuta weka kasi ya kurekodi ilingane na inayoonyeshwa na deki, usiruhusu programu ibadilishe sampuli, na rekodi kanda nzima bila kuikatakata. Wakati inacheza, nakili kwenye daftari muda unaoonekana kwenye kioo cha deki kila kipande kinapoanza, na tarehe kama deki inaionyesha, kwa kuwa kebo haitakubebea hayo. Kanda itakayokwama au kunyamaza mahali, itenge na uandike ilinyamaza kwenye dakika ya ngapi. Hizo zilizotengwa ndizo utakazoziorodhesha hapa, pamoja na urefu wa kila moja na kama ni SP (mwendo wa kawaida) au LP, nami na Fundi tutaona ni zipi zinazostahili kusafirishwa hadi kwenye kiendeshi cha Python.